Mbwa Aliyetoka kwa Mkufunzi: Historia ya Kurudi Nyumbani

Kumpeleka mbwa mchanga kwa mkufunzi akakae huko majuma au miezi kadhaa, kisha kumrudisha kwa mwenyewe, ni desturi ya karne mbili na zaidi katika Ulaya ya kaskazini, na Marekani iliirithi. Muda wote huo malalamiko ya wenye mbwa hayakubadilika: kule alikuwa mtiifu, hapa nyumbani hasikii. Mkufunzi akiitwa aje kujionea, mbwa yuleyule hukaa, hulala na huja kwa amri ya kwanza, na mwenyewe hubaki akitazama kwa aibu. Juu ya mafunzo yenyewe vimeandikwa vitabu vingi. Juu ya kurudi nyumbani yameandikwa machache, kwa kuwa ilichukua muda mrefu kutambulika kwamba kurudi nako ni kazi, tena yenye ujuzi na gharama zake.

Desturi hii ilianzia kwenye uwindaji wa ndege nchini Uingereza. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, makabaila na matajiri waliowinda kwa bunduki walitegemea mbwa wa aina ya pointer na setter. Kazi ya mbwa hao ni kunusa kwale waliojificha majanini, kusimama tuli mbele yao bila kuwakurupusha, na kumngoja mwindaji afike. Silika ya kusimama mbwa huzaliwa nayo. Kuvumilia mpaka ndege waruke, bunduki ilie na ndege aanguke, hilo hufunzwa, na hufunzwa kwa subira ambayo wenye mbwa wengi hawakuwa nayo. Kazi ikawaangukia watumishi waliotunza ndege na wanyama wa kuwindwa katika mashamba makubwa, na baadhi yao wakawa wanapokea mbwa wachanga wa watu wengine kwa malipo.

Kalenda ndiyo iliyopanga safari ya mbwa. Masomo ya kusimama yalifanyika majira ya kuchipua, kwale wanapojigawa wawili wawili na kutulia chini bila kuruka upesi. Msimu wa kuwinda ulifunguliwa tarehe 12 Agosti kwa ndege wa nyika za juu za Scotland na kaskazini mwa England, na tarehe 1 Septemba kwa kwale. Mbwa akirudishwa siku chache tu kabla ya hapo, yeye na mwenyewe walikutana kikazi kwa mara ya kwanza kwenye siku yenyewe ya uwindaji, bunduki kadhaa zikilia na kila mtu akiwa na hamasa. Mkufunzi alikuwa na firimbi yake, ishara zake za mkono na hasira yake anayoijua mbwa. Mwenyewe alikuja na sauti nyingine na desturi nyingine. Sungura akikurupuka na mbwa akamfukuza bila kuzuiwa kwa sababu bwana ameshughulika na ndege, mbwa alijifunza pale pale kwamba kwa mtu huyu kufukuza kunaruhusiwa. Miezi mitatu ya kazi iliweza kuharibika kabla ya chakula cha mchana.

Aliyeliona tatizo hilo mapema na kuliandikia kitabu ni W. N. Hutchinson, ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye baadaye alikuwa jenerali. Kitabu chake kuhusu kufunza mbwa wa bunduki kilitoka mwaka 1848 na kikachapishwa tena na tena katika karne hiyo. Hutchinson alimtaka mwenye mbwa amfunze mwenyewe, akianza na masomo mepesi ya nyumbani na uani kabla ya kwenda mashambani, kwa sauti ya chini na ishara za mkono badala ya kelele na kiboko. Ushauri wake ulisomwa sana na kufuatwa kidogo. Waliokuwa na uwezo wa kumlipa mtu waliendelea kumlipa mtu.

Wakati huohuo, katika nchi ileile, watoto wa mbwa wengine walikuwa wakisafiri upande wa pili. Makundi ya mbwa wa kuwinda mbweha yalifugwa kwenye mabanda makubwa, na mabanda hayo hayakufaa kukuzia watoto: yalikuwa na magonjwa, na mtoto aliyekulia humo hakuijua dunia. Watoto wa umri wa wiki nane au kumi hivi, mara nyingi wawili wawili, walipelekwa kwa wakulima na wapangaji wa mashamba ya kabaila. Huko walikunywa maziwa, walizoea kuku, kondoo, magari na watoto wa binadamu, na walijifunza kuitikia majina yao. Mwaka uliofuata walirudi bandani, na majira ya joto yalifanyika maonyesho ambapo mkulima aliyelea mbwa bora alipewa zawadi, mara nyingi kikombe au vijiko vya fedha. Lakini kurudi bandani kulikuwa kugumu kwa mnyama aliyezoea jikoni. Njia mojawapo ya kumzoesha ilikuwa kumfunga shingo kwa shingo na mbwa mkubwa anayejua mambo, ili watembee pamoja mpaka mdogo aige. Wawindaji hawakuwa na nadharia yoyote juu ya jambo hili. Walijua tu kwamba mbwa aliyelelewa shambani alikuwa na moyo kuliko aliyelelewa bandani, na ujuzi huo ulikaa miongoni mwao kwa vizazi kabla ya wataalamu kuufikia.

Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Konrad Most, aliyefunza mbwa wa polisi kisha wa jeshi, alichapisha mwaka 1910 kitabu kilichoeleza mafunzo kwa utaratibu: tendo, matokeo yake, na muda kati ya hayo mawili. Mbinu zake zilikuwa kali, na leo wengi wamezikataa, ila hoja ya kwamba mbwa haelewi maadili ya binadamu bali hushika kinachofuata tendo lake imebaki. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta mahitaji mapya. Wanajeshi wengi wa Ujerumani walirudi wakiwa hawaoni, baadhi kwa sababu ya gesi ya sumu, na mwaka 1916 Daktari Gerhard Stalling alifungua katika mji wa Oldenburg shule ya kwanza ya mbwa waongozaji wa wasioona. Shule nyingine mashuhuri ilifunguliwa Potsdam mwaka 1923.

Kwa mbwa mwongozaji, swali la kurudi nyumbani halikuweza kuahirishwa. Mwindaji ambaye mbwa wake haambiliki hukosa ndege. Asiyeona ambaye mbwa wake hasikii amri katika mtaa mpya anaweza kugongwa na gari. Ndiyo sababu shule hizi zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo makabidhiano yalikuwa somo lenyewe: mbwa alifunzwa kwanza na mkufunzi, kisha mtu na mbwa wakafunzwa pamoja. Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyefuga na kufunza mbwa wa aina ya German Shepherd karibu na Vevey nchini Uswisi, aliitembelea Potsdam na kuandika makala iliyotoka katika gazeti la Saturday Evening Post tarehe 5 Novemba 1927. Kijana asiyeona wa Nashville, Tennessee, Morris Frank, alisomewa makala hiyo akamwandikia barua. Mwaka 1928 alikwenda Uswisi, akafunzwa pamoja na mbwa jike aliyempa jina la Buddy, na Juni mwaka huo akarudi New York ambako alivuka naye barabara yenye magari mengi mbele ya waandishi wa habari.

Inafaa kutua kidogo kwenye safari hiyo. Buddy hakuwahi kuiona New York wala Nashville. Alifunzwa kwenye vijiji na miji midogo ya Uswisi, na hakuna amri iliyoweza kumwandalia kila kona ya Marekani. Kilichovuka bahari pamoja naye ni mtu aliyejua jinsi ya kumshika, kumsifu na kumrekebisha kwa njia ileile aliyofunzwa nayo. Mazingira yalibadilika yote isipokuwa jambo hilo moja, na lilitosha. Januari 1929 Frank na Eustis walianzisha The Seeing Eye huko Nashville, taasisi ambayo baadaye ilihamia jimbo la New Jersey. Mwanafunzi wake alikaa shuleni takribani mwezi mmoja na mbwa wake kabla ya wote wawili kwenda nyumbani. Uingereza ilifuata mwaka 1931, pale mbwa wanne wa kwanza, Judy, Flash, Folly na Meta, walipokabidhiwa kwa watu wanne huko Wallasey.

Wenye mbwa wa kawaida nao walianza kuvutwa darasani. Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa wa aina ya poodle katika jimbo la New York, aliandaa mwaka 1933 mashindano ya utii ambayo mbwa aliongozwa na mwenyewe, na mwaka 1936 chama kikuu cha wafugaji wa mbwa cha Marekani kikayapa kanuni rasmi. Mwaka 1937 yeye na mkufunzi Blanche Saunders walizunguka Marekani kwa gari lenye tela, wakionyesha kwamba mama wa nyumbani anaweza kumfunza mbwa wake bila kumpeleka popote. Huenda desturi ya kupeleka mbwa kwa mkufunzi ingefifia tangu hapo. Vita ndivyo vilivyoifufua, tena kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana kabla wala baada yake.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, jeshi lake lilikuwa na mbwa wachache wa kuvuta vigari vya theluji huko Alaska na karibu hakuna wengine. Januari 1942 kikundi cha wafugaji, akiwemo Alene Erlanger, kilianzisha shirika la kujitolea lililoitwa Dogs for Defense, na Machi mwaka huo idara ya ugavi ya jeshi ikaanza kupokea mbwa kupitia shirika hilo. Wito ulielekezwa kwa familia. Watu walitoa mbwa wao wa nyumbani bila malipo, wengi wakitumaini kwamba akinusurika atarudishwa. Mwanzoni aina zaidi ya 30 zilikubaliwa. Kufikia 1944 zilikuwa zimepunguzwa hadi saba. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Front Royal, Virginia, vikafuata vingine kama Fort Robinson huko Nebraska. Kati ya mbwa takribani 18,000 waliofikishwa kwenye vituo, karibu 8,000 walikataliwa kwa ugonjwa, udogo, woga wa milio au tabia isiyofaa, na zaidi ya 10,000 wakafunzwa. Walio wengi, zaidi ya 9,000, walikuwa mbwa wa lindo, na zaidi ya 3,000 kati yao walitumikia walinzi wa pwani.

Mafunzo yalichukua wiki nane hadi 12. Mbwa alifunzwa amri za msingi, akazoeshwa mshipi wa mdomo, barakoa ya gesi, safari za gari na milio ya bunduki, kisha akapewa kazi yake maalumu. Kwa mbwa wa lindo kazi hiyo ilikuwa kumshuku kila mtu asiye mshika mbwa wake. Mnyama aliyezoea kumpokea mgeni mlangoni kwa kutikisa mkia alifunzwa kunguruma, kubweka na kuruka. Alilishwa, alibembelezwa na kuamriwa na mtu mmoja tu. Huku ni kulivunja kwa makusudi lile ambalo familia ilikuwa imelijenga tangu mbwa akiwa mtoto, na jeshi lililifanya kwa ufanisi.

Aliyepata umaarufu kuliko wote ni Chips, chotara wa mbwa wa aina kadhaa aliyetolewa na familia ya Wren wa Pleasantville, New York. Alifunzwa Front Royal mwaka 1942. Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1943, kwenye ufuko wa Sicily, alimtoroka mshika wake na kuingia kwenye ngome ndogo iliyokuwa ikiwamiminia risasi wenzake. Wanajeshi wanne wa Italia wakatoka na kujisalimisha. Alipewa nishani, kisha jeshi likazifuta kwa hoja kwamba nishani ni za binadamu. Desemba 1945 alirudishwa kwa familia yake, akafa miezi michache baadaye, mwaka 1946. Januari 2018, jijini London, alipewa baada ya kufa Nishani ya Dickin, ambayo Waingereza huwapa wanyama wa vita, na aliyeipokea ni mwana wa familia hiyohiyo.

Kuwarudisha maelfu ya mbwa wa namna hiyo kwenye nyumba zenye watoto kulizua hofu. Wapo waliosema hawawezi kurudi, na kwamba njia ya salama ni kuwaua. Jeshi liliamua kujaribu, na jaribio hilo ndilo sura yenye mafunzo mengi kuliko zote katika historia hii, kwa sababu kwa mara ya kwanza taasisi ilikaa chini ikapanga hatua za kurudi kwa kila mbwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuvunja uhusiano wa mtu mmoja. Mbwa aliyekuwa na mshika mmoja alianza kushikwa, kulishwa na kutembezwa na watu kadhaa, mpaka ajue kwamba kila binadamu anaweza kuwa rafiki. Ya pili ilikuwa kumrudishia dunia ya mtaani: kelele za magari, msongamano, watu wanaopita karibu bila kumjali. Kisha akapimwa. Mtu alimzunguka kwa baiskeli. Mwingine alimfanyia vitimbi kwa mikono ili kuona kama atachokozeka. Aliyefaulu alichunguzwa na daktari wa mifugo, na mwenyewe akaandikiwa barua kuulizwa kama bado anamtaka. Akikubali, mbwa alisafirishwa kwa gharama ya serikali. Akikataa, kwa sababu amehama, ana mbwa mwingine, au mtoto aliyekuwa mwenye mbwa hakurudi kutoka vitani, mbwa alitafutiwa nyumba nyingine, na waliotaka mbwa hao walikuwa wengi kuliko mbwa wenyewe.

Jeshi la wanamaji, lililotumia zaidi mbwa wa aina ya Doberman Pinscher na German Shepherd katika visiwa vya Pasifiki, lilifanya kazi hiyo Camp Lejeune, North Carolina. Daktari wa mifugo William Putney, aliyekuwa na mbwa hao katika vita vya Guam mwaka 1944, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba mbwa aliyefunzwa ukali anaweza kufunzwa upole. Kati ya mbwa 559 waliokuwa mikononi mwa jeshi hilo vita vilipokwisha, 540 walirudi uraiani. Kumi na tisa waliuawa: 15 kwa sababu za afya, na wanne tu kwa kushindikana kutulizwa. Hesabu hiyo iliwanyamazisha waliotabiri maafa. Barua zilizotoka kwa wenye mbwa wa majeshi yote ziliwasifu mara nyingi kuwa wamerudi na adabu kuliko walivyoondoka.

Si kila kurudi kulikuwa kwa furaha kwa pande zote. Khan, mbwa wa aina ya German Shepherd aliyetolewa na familia ya Railton wa Surrey, England, alimwokoa mshika wake, Koplo Jim Muldoon, asizame walipokuwa wakishambulia kisiwa cha Walcheren huko Uholanzi mwezi Novemba 1944. Vita vilipokwisha, Muldoon aliomba aachiwe mbwa huyo. Familia, ambayo mtoto wao alikuwa akimngoja, ikataka mbwa wao. Kama wanyama wote walioingia Uingereza kutoka nje wakati huo, Khan alikaa miezi sita karantini kwa hofu ya kichaa cha mbwa, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1947 alialikwa kwenye gwaride la mbwa wa vita jijini London. Muldoon naye alikuwapo. Mbwa alimtambua, akavuta kamba, akamrukia, na familia ya Railton ikaona heri imwachie aende naye. Haikuwa kwamba makabidhiano yalifanywa vibaya. Miaka miwili ya kuishi na mtu mmoja usiku na mchana ilikuwa na uzito kuliko utoto wake.

Baada ya vita majeshi yaliacha kuazima mbwa wa watu. Marekani ilianza mwaka 1946 kununua mbwa wake yenyewe, na mbwa asiyetoka kwenye nyumba ya mtu hana nyumba ya kurudi. Katika vita vya Vietnam walitumika mbwa takribani 4,000. Walikuwa mali ya jeshi kama magari na mahema, na waliorudi hawakuzidi mamia machache. Ilibidi mwaka 2000 itungwe sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi wanaostaafu wachukuliwe na washika wao au raia wengine. Maarifa ya 1945, ambayo yangeweza kutumika wakati wote huo, yalikaa kwenye makabati ya kumbukumbu za jeshi.

Sehemu iliyobaki ya historia hii iliandikwa na watoto wa mbwa. Shirika la mbwa waongozaji la California, lililoanzishwa mwaka 1942 na kuhamia San Rafael miaka mitano baadaye, lilikuwa na hasara kubwa: mwaka 1946 ni takribani mbwa tisa tu kati ya kila 100 walioanza mafunzo waliofaulu. Clarence Pfaffenberger, aliyesimamia upimaji wa watoto wa mbwa huko, alishirikiana na John Paul Scott na John Fuller, watafiti wa maabara ya Bar Harbor, Maine, waliokuwa wakichunguza ukuaji wa tabia ya mbwa. Scott na Fuller walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza nani ni jamaa yake na nini si cha kuogopa, na kwamba mlango huo ukifungwa ni shida kuufungua. Pfaffenberger naye aliona jambo la ajabu kwenye daftari zake. Watoto waliofaulu vipimo wakiwa na wiki 12 na kupelekwa kwenye familia mara moja walifaulu baadaye kwa takribani asilimia 90. Wenzao, wenye vipimo vilevile, walioachwa bandani zaidi ya wiki tatu baada ya hapo kwa kukosa familia, walifaulu kwa takribani asilimia 30. Banda liliwanyima kile kilichohitajika: watu na mambo mapya ya kila siku. Wakulima wa England waliolea watoto wa mbwa wa kuwinda mbweha walikuwa wamewatangulia wataalamu.

Kwa hiyo ulezi wa majumbani ukawa utaratibu wa shule karibu zote. The Seeing Eye ilikuwa imeshawapa watoto wa mbwa vijana wa vyama vya 4-H vya New Jersey tangu mwaka 1942. Uingereza ilianza mwaka 1956 chini ya Derek Freeman. Mtoto wa mbwa hukaa na mlezi wa kujitolea mpaka apate mwaka mmoja au zaidi kidogo, hurudi shuleni kwa miezi kadhaa ya mafunzo, kisha huenda kwa asiyeona atakayeishi naye. Katika maisha yake mafupi huhama nyumba mara tatu, na utaratibu mzima umepangwa ili kila mhamo umgharimu kidogo iwezekanavyo: maneno ya amri ni yaleyale kwa mlezi, kwa mkufunzi na kwa mtumiaji, na mkufunzi huwatembelea baada ya makabidhiano.

Kwa nini mbwa asahau akivuka kizingiti? Jibu la saikolojia ya kujifunza ni kwamba hajasahau. Majaribio ya Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake, mengi yakifanywa kwa panya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yalionyesha kwamba tabia iliyozimwa katika chumba kimoja huibuka tena mnyama akirudishwa kwenye chumba alikojifunzia tabia hiyo mwanzoni. Somo la pili halifuti la kwanza. Hukaa juu yake, na limefungamana na mahali lilipotolewa. Mtoto wa mbwa aliyezoea kuwarukia wageni kwenye mlango wa nyumbani, akaachishwa kwa mkufunzi, hukuta mlango uleule, harufu ileile na watu walewale wanaopiga kelele vilevile. Kila kitu kinamkumbusha somo la zamani na hakuna kinachomkumbusha jipya. Amri za utii nazo zina mkasa wake: neno "kaa" alilolishika kwa sauti ya mtu fulani aliyesimama mbele yake kwenye ua fulani huwa ni neno jingine likitamkwa na mtoto aliyeketi kwenye kochi.

Kutokana na hayo, wakufunzi wa sasa wanaopokea watoto wa mbwa kwa bweni wameukubali, wengine kwa shingo upande, utaratibu unaofanana na ule wa shule za wasioona. Mwenye mbwa huitwa kabla ya siku ya kumchukua, afundishwe maneno, ishara na jinsi ya kushika kamba, na amwongoze mbwa pale pale anapopajua. Mkufunzi akiweza humfikisha nyumbani yeye mwenyewe na kufanya somo la kwanza mlangoni na jikoni, kwa kuwa huko ndiko tabia ya zamani inakongoja. Siku za mwanzo huwa tulivu, bila wageni wa kumpongeza. Ratiba ya chakula, matembezi na kulala hufuata ile aliyotoka nayo, kisha hubadilishwa kidogo kidogo. Kamba huvaliwa hata ndani ya nyumba ili kosa lizuiwe kabla halijawa zoea. Masomo huanzishwa chini kuliko pale mbwa alipofikia: sekunde chache za kukaa, hatua chache za kufuata, zawadi nyingi, chumba kimoja baada ya kingine. Familia nzima hutumia neno moja kwa jambo moja, na hili ndilo hushinda nyumba nyingi kuliko mengine yote.

Kujisaidia nje ndilo zoea linalorudi nyuma kwa urahisi zaidi kwa watoto wa mbwa, kwa sababu limefungamana na mlango na uwanja maalumu. Huanzishwa upya kana kwamba mnyama ni mgeni: hutolewa kila anapoamka, kila anapokula na kila baada ya mchezo. Kulia usiku, kumfuata mtu kila chumba na kula kidogo ni mambo ya kawaida ya siku za kwanza. Wengi hurudi pia wakiwa wanaingia ujana, kati ya miezi sita na mwaka na kitu, umri ambao mbwa hujaribu mipaka hata kama hajawahi kutoka nyumbani. Mwenyewe hulaumu mafunzo au mkufunzi, wakati sehemu ya kinachoonekana ni umri tu.

Njia nyingine imekuwa kuiepuka safari yenyewe. Barbara Woodhouse aliwaonyesha watazamaji wa BBC mwaka 1980 darasa ambalo aliyekuwa akirekebishwa zaidi ni mwenye mbwa. Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyehamia California, alianzisha mwaka 1982 madarasa ya watoto wa mbwa waliofunguliwa kamba, ili wajifunze mapema kabla tabia mbaya haijapata mahali pa kukaa. Baadhi ya shule za mbwa waongozaji nazo hufanya makabidhiano yote nyumbani kwa mtumiaji, kwenye barabara na vituo vya basi atakavyovitumia kila siku. Bweni bado lina wateja wake hata hivyo, hasa mijini ambako watu wazima wote wa nyumba hutoka asubuhi na kurudi jioni.

Mbwa mwongozaji hustaafu akiwa na miaka tisa hadi 11 hivi. Shule nyingi humruhusu aliyetembea naye aendelee kuishi naye kama mbwa wa kawaida huku akimzoea mwingine wa kazi, na asipoweza, familia iliyomlea utotoni huwa miongoni mwa wanaoulizwa kwanza. Wastaafu hao huvuliwa mkanda wa kazi taratibu, kwa matembezi mafupi yanayopungua majukumu wiki baada ya wiki, kwa sababu mbwa aliyezoea kuongoza hutaabika akiachwa ghafla mlangoni mwenzake akitoka.